Jina la Mama Choo

Mtu akiitwa Mama Choo kwa miaka ishirini huacha kutarajia mema kutoka kwa majirani. Ndiyo maana Lornah alipochungulia dirishani Jumapili ile baada ya kanisa, akamwona Hannah Wanjugu akifungua lango pamoja na wazee wawili waliovaa makoti, wazo la kwanza lililomjia ni kwamba kuna shimo la choo limefurika mahali na wamekuja kumlaumu. Alikuwa amestaafu tangu mwaka juzi, baada ya kuwa mkuu wa afya ya umma wa sehemu zote hizo za Dagoretti, lakini mtaa wake wa Waithaka haukuwa na habari ya kumstaafisha.

"Ogutu, vaa shati," alimwambia mumewe. "Kuna wageni, na wamekuja na sura za kamati."

Wageni waliketi, wakaletewa chai. Pembeni, chini ya kalenda, alikaa mama mkwe wa Lornah, bibi kizee aliyeletwa kutoka Ugenya ili atibiwe macho huko Parklands. Jicho moja lilikuwa limeshaondolewa mtoto wa jicho na bado lilifunikwa bandeji. La pili lilingoja zamu yake. Kwa desturi yao ya Kijaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe, lakini bibi kizee alijishtaki mwenyewe, akajihukumu, akajiachilia. "Nyumba ya mjini si boma," alisema siku aliyofika, akavua viatu.

Hannah hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alikuwa na hoteli yake karibu na soko, hoteli ya chai, maandazi na githeri, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule mpya. Tangu serikali itangaze kuwa masomo ya msingi ni bure, watoto walikuwa wamejaa kwenye shule ya zamani hadi wengine wakisomea chini ya miti, na Waithaka ikachanga, ikajenga nyingine.

"Mama Lornah, tumekuja na maneno moja tu," alisema. "Ile shule, unajua bado haina jina."

"Najua. Na najua vyoo vyake viko karibu sana na tangi la maji. Nilimwambia Mzee Karanja."

Mzee Karanja alikohoa. "Tulihamisha, mama."

"Lini?"

"Siku ile ulikuja. Ulipotoka tu."

"Haya, endeleeni."

Hannah aliweka kikombe chini. "Jana tulikuwa na mkutano ya kuchagua jina. Woi! Kelele! Diwani anataka iitwe jina ya babake. Yule mwenye maploti ya huko chini anataka yake, ati ndiye alitoa mawe. Watu wakapigiana kelele mpaka pasta akafunga Biblia akakaa chini. Halafu mama mmoja huko nyuma akasema, 'Na Lornah?' Mkutano yote ikanyamaza. Nakwambia, nzi angepita ungemsikia. Hakuna mtu aliongea tena. Hata diwani aliangalia viatu zake. Basi Jumatatu ya wiki ijayo tunapeleka jina kwa ofisi za jiji. Shule ya Msingi ya Lornah Ogutu."

Lornah, ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya wenye nyumba, wachinjaji wala madiwani, safari hii alitazama mikono yake.

"Lakini mimi niko hai," alisema mwishowe.

"Ndiyo tunakupatia sasa," Mzee Karanja alisema. "Kwetu mtu anapata mtoto wa jina lake akiwa bado anaona. Ukishakufa, wajina wako utamjulia wapi?"

Lornah alitaka kucheka, akaona machozi yanakaribia kumtangulia. Aliinuka akasingizia birika. Jikoni alisimama akishika meza, na furaha iliyompanda kifuani ilikuwa kubwa hata akaiogopa. Hakuwa amezaa. Huko Ugenya wake wa ndugu za mumewe waliitwa min fulani na min fulani, yaani mama wa fulani, kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Yeye tangu aolewe aliitwa nyar Alego, binti wa Alego, kana kwamba alifika jana na ataondoka kesho. Alishajiambia zamani kuwa akifa, jina lake litafuata jeneza. Na sasa wametokea watu hawa, ambao nusu yao aliwahi kuwafungia biashara.

Aliporudi na birika, mama mkwe alikuwa bado ameketi chini ya kalenda. Alingoja mpaka wageni wakaaga, mpaka lango likafungwa, ndipo akasema, kwa Kijaluo, bila kupandisha sauti.

"Hilo jina hawalichukui."

"Mama, ni heshima tu," Ogutu alisema.

"Heshima gani? Wewe babu yako Ogutu alikuwa ameshazikwa ulipozaliwa. Ulilia siku mbili. Tulikutajia majina ya wazee mmoja mmoja, unalia tu. Tulipotaja Ogutu ukanyamaza, ukanyonya. Hivyo ndivyo jina huja. Jina ni la waliotangulia. Mtu akiandikwa ukutani huku anatembea, ni kumzika akitazama." Alimgeukia mkaza mwanawe kwa jicho lake moja. "Nyar Alego, ukikubali, mimi narudi nyumbani. Siwezi kukaa nyumba ambayo imeita kifo."

"Na jicho la pili?"

"Litabaki hivyo. Nimeishi nalo."

*

Jumanne Lornah alishuka mjini, akapanda ngazi za jengo moja la River Road hadi kwenye kiwanda kidogo cha mumewe. Ogutu alichapisha kadi za harusi, risiti, na zaidi ya yote zile programu za mazishi zenye picha ya marehemu kwa mbele. Alikuwa peke yake, akikata karatasi.

Ogutu alikuwa mume mwema mwenye kasoro moja: mbele ya mamake ulimi wake ulirudi utotoni. Majirani walisema amelishwa kitu. Hakuwa amelishwa chochote, alizaliwa vile.

"Sema kitu kwa mama yako," Lornah alimwambia.

"Mama ni mzee. Ana jicho moja."

"Na ataondoka na hilo jicho moja, na lawama itakuwa yangu. Safari hii kunyamaza kwako ni kukubaliana naye."

Ogutu alipanga karatasi zake, akazigonga mezani zilingane. "Wakati ule aliniletea msichana, ati nioe wa pili kwa sababu hatukuwa na mtoto. Nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Na yule msichana yuko wapi?"

Lornah alicheka bila kupenda. "Alirudi kwao."

"Kwa sababu alikaa pale siku zote hizo na sikusema kitu. Hata chai yake sikunywa. Nilikunywa chai yako peke yake, mpaka akachoka." Alimtazama mkewe usoni. "Mimi kunyamaza ndiyo najua. Sasa niambie ukweli. Wewe unaitaka hiyo jina?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata Hannah na wazee wake hawakuuliza, walileta tu kama mtu aletavyo mkungu wa ndizi.

"Naitaka," Lornah alisema. "Naitaka sana, hata naona aibu."

"Basi chukua."

"Na mama arudi Ugenya kipofu nusu? Ogutu, maisha yangu yote nimebembeleza watu wakubali kutibiwa. Nimekaa kwa milango ya watu wakinitukana, nikingoja walete mtoto achanjwe. Nikiwa mimi ndiyo sababu ya mtu kutoroka daktari, hiyo jina watakuwa wanaandika ya nani?"

Ogutu aliacha karatasi zake. Alimshika mkono kwa vidole vilivyojaa wino, na Lornah, mtu wa sabuni, hakuutoa. Waliketi hivyo mpaka mteja akagonga akitaka programu ya mazishi ya shangazi yake, mia moja, za kesho asubuhi.

*

Jioni hiyo Lornah alipitia hotelini kwa Hannah. Mlangoni palikuwa na tangi lenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, kwa amri yake yeye mwenyewe, amri ya zamani. Kijana mmoja aliyekuwa akinawa alimwona, akasugua hadi kwenye viwiko.

"Wacha mchezo," Hannah alimfokea kijana, kisha akamvutia Lornah kiti. "Karibu, mama. Chai?"

"Sikai. Hannah, nimekuja kusema asante, na kusema hapana."

Alieleza yote, bila kumsema mama mkwe vibaya: desturi ni desturi, na jicho ni jicho. Hannah alisikiliza akipangusa meza ile ile ambayo ilikuwa imeshapanguswa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unakumbuka vile ulifunga hii hoteli?"

Ingekuwa ajabu kama angesahau. Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino, kipindupindu kimeingia mabondeni, na Lornah alikuja na kufuli na askari wawili. Hannah alimmwagia maji ya vyombo, yote, kuanzia kichwani. Shukrani ya punda ni mateke, na watu wa Waithaka walikuwa wakimlipa hivyo kila siku. Lornah alijipangusa macho, akafunga mlango, akaenda zake akinuka mchuzi.

"Nilikumwagia maji Ijumaa," Hannah alisema. "Jumatatu Debra wangu akaanza kutapika na kuhara, hata hasimami. Nani alikuja? Na nguo ilikuwa ile ile, niliona doa ya mafuta hapa kwa bega. Ulimkorogea chumvi na sukari kwa maji, ukamnywesha na kijiko njia yote mpaka hospitali. Sasa Debra ako kidato cha tatu. Mama, mimi hiyo 'hapana' yako siwezi kubebea wamama. Nitawaambia nini? Jumamosi wanakuja kwako. Uwaambie mwenyewe."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kukuona," Hannah alisema, kana kwamba hilo lajieleza.

Kwa Hannah lilijieleza kweli. Kwao mtu akipata mtoto, wanawake huenda kumwona, na hawaendi mikono mitupu. Lakini Lornah alidhani ni mkutano, na kwa mkutano mwenyeji huandaa chai. Hakumwambia mama mkwe chochote. Alitaka awaambie wageni neno lake upesi, waondoke, naye bibi kizee asisumbuke.

*

Jumamosi aliamka, akamwosha mama mkwe uso kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akamtia dawa jichoni kama alivyofanya kila siku. Bibi kizee alikaa ametulia kama mtoto, kidevu juu. Hawakuzungumza habari ya jina. Mkoba wa safari ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni, na wote wawili waliuruka kwa macho.

Kisha Lornah akagundua sukari imekwisha. Ogutu alikuwa ndani akinyoa ndevu. Yeye alichukua leso akatoka kwenda dukani, na duka la karibu lilikuwa limefungwa, ikabidi aende lile la mbali.

Akirudi alisikia wimbo. Kina mama wa Waithaka walikuwa wakipanda kijia kuelekea kwake, umati mzima, na walikuwa wamebeba. Wengine walikuwa na mizigo ya kuni mgongoni, kamba kichwani. Wengine walibeba unga, ndizi, vibuyu vya uji. Hannah alikuwa mbele kabisa, amejifunga leso mbili, akiimba kwa sauti iliyoweza kufika Dagoretti Corner bila nauli. Lornah aliharakisha nyuma yao huku kifurushi cha sukari kikimponyoka mikononi.

Kabla hajafika langoni, alisikia mlio mwingine ukikata ule wimbo. Aliutambua. Ulikuwa mlio wa kwao, ule unaotolewa msibani.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani akiota jua. Na katika maisha yake yote, wanawake wakija kwa kundi wakiimba, wamebeba kuni na unga, walikuwa wakienda mahali pamoja tu. Alitazama kwa jicho lake moja, akamtafuta Lornah asimwone. Aliita ndani, nyar Alego, nyar Alego, hakuna aliyeitika. Ndipo akajitupa chini.

Wimbo ulikufa. Kina mama walisimama na mizigo yao wasijue waitue au waondoke nayo. Ogutu alitoka mbio, povu shavu moja, akauliza ni nani, ni nani. Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyejua. Bibi kizee alikuwa akiomboleza kwa Kijaluo, akigonga ardhi kwa viganja, na katika umati ule wote ni mwanawe tu, na Lornah aliyesimama nyuma ya kuni za watu, waliomwelewa.

"Niliwaambia wasimwandike! Niliwaambia! Nyar Alego, nani ataniosha uso? Mikono yako ilikuwa safi, mikono isiyonuka. Nilikuita gogo lisilochipua, hukunijibu. Nilikuletea mke mwenza, ukampikia. Umenipa jicho, na sikukwambia asante. Sikukwambia, binti yangu, nilidhani kuna wakati. Rudini na kuni zenu! Rudini nazo, mnirudishie mwanangu!"

Lornah alikibana kifurushi cha sukari kifuani. Miaka thelathini alikuwa ameishi bila maneno hayo na alishaamini hayapo. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alihama kando na mzigo wake, na njia ikawa wazi.

"Mama," alisema. "Mimi niko hapa."

Bibi kizee alinyamaza. Aliinua kichwa, vumbi limemjaa usoni hadi kwenye bandeji.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani. Sukari iliisha."

"Sukari!" mama mkwe alipiga kelele, na hasira yake ilikuwa tamu kuliko sukari yenyewe. "Mimi nakulilia, wewe uko sukari!"

Ogutu aliketi chini pale pale na povu lake, akaanza kucheka, na kina mama wakacheka, wengine wakijipangusa macho kwa ncha za leso. Hannah ndiye aliyeenda kupiga magoti mbele ya bibi kizee. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili asikike.

"Cucu, nyanya yetu, pole sana. Hatujakuja kulia. Hii ni ya mzazi. Kwetu mama akijifungua tunamletea kuni na uji."

"Nani amejifungua?"

"Huyu."

Bibi kizee alimtazama Lornah juu hadi chini, mwanamke wa mvi, viatu vya kustaafu. "Huyu? Amejifungua nini?"

"Shule, cucu. Watoto karibu mia nne. Wote ni wake."

Lornah alikumbuka kuwa alikuwa na neno la kuwaambia. Alifungua kinywa aseme hapana yake, lakini mama mkwe aliinua kiganja kumzuia, jicho lake likiwa kwa Hannah.

"Nyinyi mlipata aje hiyo jina? Sema ukweli. Nani alianza?"

"Hatujui hata ni nani, cucu. Kulikuwa na kelele. Watu wanataja majina, huyu anataja hii, huyu hii, kelele inazidi. Halafu mtu akataja Lornah."

"Ikakuwa nini?"

"Watu wakanyamaza."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Bibi kizee alikaa akitafakari, mikono mapajani. Alimtazama Ogutu, mtoto wake aliyelia siku mbili mpaka akatajiwa babu yake. Povu lilikuwa limeanza kukauka shavuni.

"Kelele, kelele, halafu jina, halafu kimya," alisema, kwa Kijaluo tena, kama anayejisomea. Kisha akawarudia wageni kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Basi. Mtoto mwenyewe amechagua. Mtoto akinyamaza kwa jina, hakuna mtu ya kubadilisha. Hata mimi."

"Na mkoba, mama?" Ogutu aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumuuliza mamake swali lenye ncha.

"Ondoa huko mlangoni, watu watajikwaa. Na hiyo jicho ingine ifanywe haraka. Nataka kuona hiyo ukuta na macho mawili."

Alinyoosha mkono, Hannah akamwinua. Aliponyooka alionekana mrefu kuliko siku zote. Alijikung'uta vumbi, akaanza kuamrisha: kuni hapa, unga ndani, ndizi zisikalie jua. Uji wa mzazi hupokewa na mama mkwe wake, na yeye alikuwa amengoja kuupokea tangu siku ile mwanawe alipooa. Mwanamke wa kwanza alimsogezea kibuyu. Bibi kizee alinyoosha mikono, halafu akaivuta nyuma.

"Umenawa?"

Yule mwanamke alibaki mdomo wazi. Kina mama waligeuka wakaangaliana, kisha mmoja mmoja wakaanza kutua mizigo na kwenda kupanga foleni kwenye bomba lililo kando ya nyumba, wakicheka hadi mabega yanatikisika, Hannah wa kwanza.

Lornah alikuwa bado langoni, amekumbatia sukari. Alikuwa akilia waziwazi, na hakujali ni nani anamwona. Alitamani kuwaambia asante, kila mmoja, hata wale waliomwita Mama Choo, pengine wao zaidi. Wajaluo wana jina ambalo mume, au mkwe, humwita mwanamke wa nyumba aliyezaa: min nyithindo, mama wa watoto. Katika nyumba ile halikuwa limetamkwa hata kwa bahati mbaya.

"Min nyithindo!" bibi kizee aliita kutoka barazani, kibuyu sasa mikononi mwake. "Unasimama hapo kama mgeni kwa nini? Leta hiyo sukari."

Lornah aliitika, akapeleka sukari.